Leo Naruhusiwa Kuongea

...shuka langu mwenyewe leo, siyo lile koti la kituo, shuka linanuka moshi na samli na ng'ombe, ndivyo Doris wa hapa kituoni alivyotaka, njoo jinsi ulivyo mama, ukae hapo mlangoni pa banda, umwite kwa sauti yako, haya nimekaa, nimwite namna gani sasa, tangu aletwe sijamwambia hata neno moja, mimi, mimi ninayesalimia hadi kuku wa watu njiani, Gidamis mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu aliposikia kwamba huku kwenye kituo cha wanyama kazi yangu ni kujitolea kunyamaza, akasema hao watu ni waganga, wangekuja na nyumbani... simwoni vizuri, yuko kule kwenye mawe, naona sikio moja tu, la duara, jamani lile sikio, alipoletwa lilikuwa limelala, kafisi keusi tii ndani ya boksi la sabuni, mama yake amegongwa na lori, hasira tele, akaniuma kidole siku ileile nikampenda palepale, mtu anakuuma unampenda, sijui nina nini, na wala sikuja kulea fisi, nilileta maziwa tu, nikamkuta Doris peke yake na chupa mkononi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akasema nishikie hapa kidogo, nikashika, ndiyo hivyo mpaka leo, gunia usoni kwangu, koti la kituo mwilini, mdomo umefungwa, asizoee sura, asizoee harufu, asizoee sauti, ananyonya huku ananikodolea macho na maneno yote yananijaa hapa kifuani, kunywa baba, taratibu, tumbo hilo litapasuka, sikusema hata moja, nikirudi nyumbani jioni ng'ombe wananikataa, yule mwekundu aliipiga teke ndoo ikaenda kule, wananusa mikono wanajua nimeshinda na nani, siku hizi naoga kwa sabuni ya unga ndipo nikamue, na maziwa anayokunywa ni yao, wangejua...

Doris ananong'ona nyuma yangu, mama usiogope, mwite kama unavyomwita mtoto, ndiyo nimesikia, naogopa nini, naogopa akija, hapana, naogopa asipokuja, lo, hata sijui, maana akija ndiyo basi, akifuata sauti ya mtu hatolewi tena, atazeekea ndani ya waya, na watu wa kituo wana haki, hapa kwetu Gendabi pori na boma vinaonana, fisi aliyezoea watu atafuata moshi, atafuata zizi, na Gidamis hata hakukasirika siku nilipomuuliza akija kwetu itakuwaje, alikuwa anakunywa chai tu, mkuki wake uko pale ukutani, ndama wake waliliwa na fisi mwaka jana, akasema, "Akija bomani kwangu sitamuuliza amelelewa na nani," akaomba chai nyingine, na ni mume mzuri, ndiye anayenibebea dumu njia ikiwa na tope, simlaumu, ningekuwa yeye ningesema vilevile... na asipokuja anahamia uwanja wa juu, karibu na msitu, asubiri kuachiliwa, huko watu hawaingii, nami ni mtu, sitaingia... ningeweza kudanganya, nikimwita kwa ile sauti kali ya kufukuzia fisi zizini atajificha mpaka kesho, Doris atafurahi, nitakuwa nimemwokoa, ee, halafu siku moja huko nje akutane na mama mwingine mwenye sauti laini, atamfuata, watamchoma mkuki anatingisha mkia, hapana, lazima nimwite kweli, lazima nimtake kweli, na hilo wala halihitaji kujifunza.

"Njoo," nimesema, eh, sauti imetoka nyembamba, siyo yangu, "njoo mwanangu, njoo kwa mama," na sikio limegeuka, amenijua, pua inacheza, kichwa kinatoka, Mungu wangu anakuja, usije, njoo, usije, amekua jamani, shingo hiyo, hatua moja, nyingine, ananusa hewa, ananusa ng'ombe, ananusa moshi, na manyoya yamesimama mgongoni, meno hayo, lini yalikuwa meno, amerudi nyuma mbio kwenye mawe ananguruma, ananingurumia mimi, mimi niliyemfuta tongotongo, Doris anasema mwite tena mama, nimemwita tena, na tena, kwa moyo wangu wote, nimenyoosha hadi mikono, hakuja, na machozi haya ni ya nini, nimefurahi, kweli nimefurahi, imeniuma na nimefurahi.

"Inatosha mama," Doris amenishika bega, naye machozi yamemlenga, "amefaulu, twende ukanywe chai."

"Tangulia," nimemwambia, "nakuja," maana sitoki bado, kama haji basi haji, hakuna tena ninachoweza kuharibu, miezi yote nimebeba maneno kama mzigo wa kuni na leo ndiyo siku ya kuutua, nimejifunika shuka vizuri nikamwambia habari za asubuhi, nikamwambia kwetu mvua imekawia, goti langu linauma, mwanangu Evarist hajapiga simu, nikamwambia yeye ni mzuri, mzuri sana, asimwamini mtu yeyote, hata mimi, na yeye kule kwenye mawe ananguruma tu, hanyamazi, haya, nikamwambia, hivyohivyo baba, endelea hivyohivyo.