Ncha ya Pili ya Shuka

Kamati ya nidhamu ya hospitali ilimsafisha jina Jumatatu saa nne asubuhi, na kufikia saa tano hakukuwa na mtu aliyetaka kushika shuka naye.

Kama hujawahi kufanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ngoja nikueleze. Shuka la wodini likitoka kwenye roli za mashine ya pasi linakunjwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwenzake mbili kule, wanalivuta likakamae, halafu wanatembea kuelekeana mpaka vidole vikutane. Peke yako huwezi. Utaliburuta sakafuni, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa, hata kama limegusa kidogo tu.

Msimamizi wa chumba hicho alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili. Alikuwa na mdomo mkali, sikatai, lakini mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Miaka kumi na tisa wote walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri. Kisha Kasuku akaungua. Huyo ndiye mpiga pasi, na jina alipewa kwa sababu hanyamazi hata akinywa maji. Roli za moto zilimla vidole vitatu vya mkono wa kulia, ngozi ikabanduka yote. Angali kitandani akaandikisha malalamiko: eti Dada Mkubwa alimfokea kwamba anachelewa, akamsukuma kwa hasira, mkono ukaingia.

Uongo mtupu! Wenzao walikuwa uani wakianika, hakuna aliyeona kitu, lakini wote waliamini, maana Kasuku analia vizuri. Mama wa watu akakalishwa nyumbani miezi miwili. Aliyemwokoa ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, aliyekuja mbele ya kamati na daftari lake la makabidhiano: dakika ileile Dada Mkubwa alikuwa ghorofani anakabidhi mashuka, na sahihi yake hii hapa. Kamati ikasema hana kosa. Kasuku naye, wakasema, alichanganywa na maumivu, asamehewe.

"Daftari si linaandikwa na watu?" walisema wafuaji. "Wakubwa wanalindana."

Basi hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Walimwamkia vizuri, "Habari za asubuhi, Msimamizi," lile jina la Dada Mkubwa wakalimeza. Akishika shuka, aliye karibu anakumbuka ghafla kwamba sabuni imekwisha. Mwingine tumbo linamuuma. Cheo chake kilimruhusu kupanga nani akunje na nani, angeweza kuamuru, lakini hakutaka. Alitaka mtu aje mwenyewe, kwa hiari yake, hata mmoja. Wiki nzima alisimama na ncha mbili mkononi, mikono imenyooka, huku chumba kizima kinamzunguka.

Ofisa utumishi alikuwa amempa mpaka Ijumaa. "Hatukufukuzi, mama. Ukitaka, baki. Ukitaka, tukuhamishie kliniki ya watoto. Chagua mwenyewe."

Mumewe, fundi redio, hakuona cha kuchagua. "Nenda kwa watoto. Mashuka yao madogo, unakunja peke yako kama leso."

"Nikienda watasema nimekimbia, baba watoto."

"Waseme! Midomo ni yao. Unabaki ili iweje? Wakupende?"

Hicho ndicho hasa alichokuwa anakitaka. Akaapa moyoni: akitokea hata mtu mmoja kabla ya Ijumaa, atabaki. Asipotokea, ataondoka.

Ijumaa asubuhi wenzake walikwenda kunywa chai bila kumwambia. Amesimama na shuka lake, akahisi upande wa pili umenyanyuka. Kainua macho: Kasuku, na glavu nyeupe ya pamba mkono wa kulia. Wakavuta, wakatembea kuelekeana, nyuso zikakaribiana.

"Dada Mkubwa," Kasuku alisema polepole.

Jina hilo! Machozi yalimlenga. Alisema kimoyomoyo, Mungu wangu, amekuja mmoja.

"Najua hukunisukuma. Ule ubao wa kuzuia mikono isiingie kwenye roli niliufungua mwenyewe, ulikuwa unanichelewesha. Ningesema hivyo ningemwaga unga siku ileile, na nina watoto wanne. Wewe una mume, watu wanakuheshimu. Nikajua utavumilia."

"Umekuja kuniomba msamaha."

"Nimekuja kukuomba uende." Hata hakuona haya. "Ukiwa hapa sina amani. Wenzetu wameanza kuniuliza-uliza. Huko kwa watoto kuzuri, dada yangu. Nifanyie hisani hiyo."

Hisani! Damu ilimchemka Dada Mkubwa mpaka masikio yakavuma. Alingoja itulie. Kisha akauliza, kwa sauti ya mgeni anayemjulia hali mgonjwa, "Mkono unauma bado?"

"Nikivuta kitu, sana. Daktari kakataza, lakini ofisini wameniandikia kazi nyepesi. Ati kukunja."

"Pole," alisema Dada Mkubwa. Alipanda ofisini kabla chai haijaisha, akaandika kwamba anabaki.

Jumatatu ratiba ilibandikwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza Msimamizi amepanga watu wawili wawili, na mwenzake yeye ni Kasuku, asubuhi na jioni, mashuka mia tatu kwa siku. "Vuta," alimwambia. "Shuka halikunjwi likiwa limelegea." Kasuku akavuta, akauma mdomo. "Tena." Na niseme ukweli wote: mama yule aliona raha. Ilimwingia tamu, akashangaa kwamba miaka yote hiyo hakujua kama anayo ndani yake.

Jumatano Kasuku alikwenda kulalamika. Ofisini wakamuuliza kama ni malalamiko mengine tena juu ya mtu yuleyule, na kama anajua wanaozusha wanafanywaje. Alirudi macho mekundu, akashika ncha zake. Kasuku wa watu, siku hizo hata salamu hakutoa.

Wafuaji waliona. Hawakukumbuka tena sabuni wala tumbo. Wakiitwa wanakuja mbio kwa woga. Na wale wawili watatu waliokuwa wameanza kumshuku Kasuku sasa walinong'onezana penye mapipa: "Kama mbele yetu anamfanya hivi, ule mkono si aliusukuma kweli?" Dada Mkubwa aliwasikia. Aliendelea kukunja.

Alhamisi muuguzi wa upasuaji alishuka mwenyewe kufuata mashuka yaliyochelewa. Alisimama mlangoni akatazama ile kazi: shuka jeupe linakakamaa, Kasuku anajikunja, glavu imeanza kuloa damu kwenye vidole. Alitazama mashuka matatu, manne yakikunjwa.

"Msimamizi," alisema hatimaye. "Mimi nilisimama mbele ya kamati nikakutetea."

"Ndiyo. Nakushukuru sana, mwanangu."

Muuguzi alingoja, labda alidhani kuna neno litafuata. Dada Mkubwa alishika ncha za shuka jingine. Muuguzi alichukua mashuka yake akapanda ngazi bila kuaga.

"Vuta," alisema Dada Mkubwa.