Samaki Wasiotuliwa na Nzi

Mimba yangu ya kwanza haikufika mwisho. Kwa hiyo kwenye hii ya pili, nesi Febby aliponiambia kwamba ubongo wa mtoto unahitaji kitu kinachoitwa kolini, na kwamba kolini iko kwenye mayai, maini na samaki, nilishika neno lake. Mayai hatuna, maini ni ya wenye pesa. Lakini samaki! Mama mkwe wangu, Mama Brigitte, anawanunua Kabuta, kijiji cha wavuvi, anawakausha hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mantapala na kuwapeleka Congo kuuza.

Tangu siku hiyo akanifanya malkia. Wengine nyumbani walikula chisense, dagaa wa ziwani, waliojaa nzi. Mimi nilichaguliwa samaki wakubwa kutoka kwenye kikapu cha biashara.

“Hii ni ya kuuzisha, hatukulaka,” alisema. “Lakini mutoto anaomba ya muzuri. Kula, mama.”

Nilikula. Nani angekataa? Mume wangu Parfait alinionea wivu waziwazi, nami nikamcheka huku nikilamba vidole.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mate yakaanza kunitoka hovyo, jasho likanilowesha, tumbo likasokota. Majirani walisema ni mimba tu. Niliwaamini, maana nilitaka kuamini.

Leo asubuhi nilimkuta Mama Brigitte ameinama juu ya chanja, anapulizia samaki kwa bomba lile la shambani. Harufu ilinikaba koo.

“Mama, hiyo si dawa ya wadudu?”

“Ndiyo. Kila mutu anatiaka, juu inzi isiweke mayai. Njo maana samaki inabakia safi,” alijibu bila kugeuka. “Ile yetu ya kula hatutiake.”

Hapo mkono wake ukasimama. Aligeuka polepole, akalitazama tumbo langu.

“Nilioshaka,” alisema kwa sauti ndogo. “Priscille, nilikuwa naosha.”

Parfait amekimbia kutafuta baiskeli ya kunipeleka kliniki. Naogopa. Mtoto huyu hupiga teke kila ninapokula, na tangu jana jioni hajapiga.

Nimekaa mlangoni. Sahani yangu ya jana iko hapa chini, na kipande cha samaki kimebaki wazi juani. Hatua mbili kutoka hapo, nzi wamefunika ungo wa chisense. Naitazama sahani yangu, mkono juu ya tumbo, na namwomba Mungu nzi mmoja tu aje atue.