Uzinduzi wa Winchi

Mume wangu Silvanus ni mtu wa kujali usalama, msimwone hivi. Krismasi iliyopita gari letu kuukuu la fowili lilizama kwenye tope njia ya kwetu Maneromango, likavutwa na trekta huku wajomba zangu wakishangilia. Aibu hiyo haikumtoka. Tangu hapo kila akitoka kazini hapa Kibaha anapitia gereji: tairi za meno makubwa, taa za juu ya paa, kizimamoto na, mbele kwenye bampa, winchi ya umeme ya kulikwamua gari kwa waya. Mimi nakanda unga, yeye ananisomea maelekezo ya winchi. Ndoa tamu!

Lakini ole wako uguse. Viti vina nailoni, kizimamoto kina nailoni, na winchi imeviringishwa nailoni na kufungwa utepe mwekundu, fundo kubwa kama la zawadi ya kipaimara. Kisa? Havijazinduliwa. Jumapili baada ya ibada mchungaji angebariki, bosi wake angekuwa mgeni rasmi, akate utepe, tupige makofi, tule pilau. Kadi zilishagawiwa. Gari, jamani! Utafikiri daraja.

Alhamisi asubuhi ikaja simu kutoka Maneromango, kuhusu mama yangu. Jicho lake la kushoto lilishakufa zamani, na la kulia limebaki ukungu mtupu, mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi Kisarawe mjini, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho mpaka mwakani. Mvua ilikuwa imeharibu njia, bodaboda wamegoma kumbeba.

Silvanus hakusita, nampa haki yake. Akaomba ruhusa kazini, tukaenda kumchukua mama. Tukampandisha juu ya nailoni, akawa anateleza huku na huku, safari ya Kisarawe ikaanza. Hatukufika mbali. Kwenye bonde lilelile la Krismasi gari likazama hadi mlangoni. Tairi za meno makubwa zikazunguka, zikarusha tope, basi.

"Winchi," nikasema.

"Haijazinduliwa."

Nilidhani anatania. Mtu mzima, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni! Akaanza kunielewesha kwa utaratibu kwamba mgeni rasmi ameshathibitisha, hotuba ameshaandikiwa, sasa tukikata utepe leo, Jumapili atakata nini? Tusubiri, trekta litapita.

"Silvanus, mama yangu atapofuka!" Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Nililia kwa hasira, wala sioni aibu kusema. Yeye akawa anatazama barabara, labda trekta lingekuja na mchungaji.

Tangu tuoane mama hajawahi kumpandishia mkwewe sauti. Mara akafungua mlango, akashuka kwenye tope, akapapasa bodi ya gari taratibu mpaka mbele.

"Baba Fabian," akaita kwa upole uleule wa siku zote, "utepe ndio huu?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Na mgeni rasmi ni lazima awe anaona?"

Mama akatoa mkobani kisu chake cha kumenyea mihogo, akautafuta utepe kwa vidole, akaukata. Halafu akasimama kusubiri, uso ameuelekeza kusiko na mtu.

"Hampigi makofi?"

Nikapiga. Silvanus naye akapiga, machozi yanamlengalenga, kisha akachana nailoni, akavuta waya mbio hadi kwenye mkorosho ulio kando ya njia, akaufunga. Winchi ikanguruma, gari likatoka.

Tuliwakuta madaktari wameshaanza kufunga maboksi yao. Mama akawa mgonjwa wao wa mwisho kufanyiwa upasuaji.

Kesho yake muuguzi wa hospitali ya hapo alipomfungua bandeji, mama alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, akacheka, akasema amenenepa. Tukamtoa nje. Gari lilikuwa tope mpaka kwenye zile taa za paani. Akalizunguka lote bila kushikwa mkono na mtu, akachungulia dirishani.

"Gari zuri, Baba Fabian," akasema. "Na hivi viti navyo anavizindua nani?"

Silvanus aliingia ndani na viatu vyake vya matope, akaanza kuchana nailoni kwa mikono.