Mashua za Bati

Miaka ishirini na saba nimefundisha kemia hapa Kuopio, Finland, na miaka yote hiyo nimemdanganya mdogo wangu kwa kemia hiyohiyo.

Kila mkesha wa mwaka mpya, tukishakula soseji na saladi ya viazi, tunayeyusha kipande cha bati kwenye upawa, tunakimwaga ndani ya ndoo ya maji baridi, kisha tunashika kilichoganda mbele ya mshumaa na kusoma bahati ya mwaka kwenye kivuli chake ukutani. Mashua ni safari. Vipovu ni pesa. Likivunjika vipandevipande ni balaa. Upuuzi mtupu! Bati likipata moto mno ukalimwaga kwa pupa, linatawanyika. Ukilimwaga taratibu, linashikana. La mdogo wangu Hilkka nililimwaga mimi, taratibu, kila mwaka, apate mashua yake afurahi.

Mwaka jana alikuja hana raha. Hata hatujala, akanishika mkono akaubandika kwapani mwake. Palikuwa na uvimbe mgumu, saizi ya harage.

"Nimepewa miadi ya kupimwa tarehe nane," alisema. "Naogopa, dada. Kwanza tuone bati linasemaje."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: achana na bati, nenda. Nami, mwoga mkubwa, nikawasha jiko. Nikamwaga taratibu kuliko siku zote. Likatoka zima.

"Mashua hiyo!" nikapiga kelele. "Tena ina tanga! Mwaka huu wewe ni safari tu, maradhi yatakupatia wapi?"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tarehe nane hakwenda. Nami nilijua, maana nilimpigia simu siku ileile, akaniambia anaoka mikate, nikamuuliza habari za mikate. Mungu anisamehe.

Alikwenda Septemba. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Jana, mkesha umerudi tena, nikampelekea saladi tu, kwa sababu soseji hazimpiti kooni siku hizi. Sikubeba bati. Nikaungama yote: moto, maji, mkono wa taratibu. Nililia kama mtoto, nikingoja anifukuze.

"Dada Orvokki," akasema, "kwani unaniona mjinga? Nilijua tangu mwaka wa tatu. Mashua zote hizo, na mimi hata Helsinki sijafika!"

"Sasa mbona hukwenda kupimwa?"

Akaniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Si nilikushikisha uvimbe? Mwalimu mzima wa sayansi ameushika kwa mkono wake, akanyamaza, akawasha jiko. Nikasema basi, kumbe si kitu."

Akaonja saladi, akasema imepungua chumvi. Nikaenda jikoni kuitafuta, na ilikuwa pale pale kwenye meza ya jikoni, lakini nilikawia sana kurudi.