Nyota Mahali pa Namba

Gazeti la wilaya lilipochapisha matokeo ya mtihani wa kusoma wa darasa la nane, shule ya Colleen Vrbka ilipewa asilimia sabini na moja ya waliofaulu. Yetu iliwekewa kinyota tu.

Colleen nilisoma naye chuo. Sasa anafundisha maili kumi na mbili kutoka kwetu, kule ambako kodi ya mitambo ya umeme wa upepo imejenga maabara mpya. Mimi nina watoto tisa na hadubini moja yenye kioo kilichopasuka. Kila nikipita kwao moyo huniuma, nami huona aibu kwamba unauma.

Jumatatu alasiri bodi ya shule ilikutana kwenye ukumbi wetu wa chakula. Colleen alialikwa aeleze wanavyofundisha kusoma. Kabla hajafungua mdomo, mwenyekiti Duane Hruska, mfugaji wa ng'ombe, akalipeperusha gazeti.

"Mmeona? Wenzetu na maabara yao wameambulia namba. Sisi nyota!"

"Wape vidonge vyao, Duane!" mjumbe mmoja akapaza sauti.

"Usilie, Colleen binti yangu. Labda mwakani na nyie mtapata," mwingine akadakia.

Wakacheka, wakanipigia makofi. Colleen alinitazama. Anajua kama mimi kwamba jimbo huweka kinyota pale watoto wasipofika kumi, ili aliyefeli asijulikane. Na kwangu waliofeli ni wengi. Nikawaacha washangilie. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho yeye hana, na kilikuwa kitamu.

"Kwa hiyo," Duane akasema, "lile ombi lako, Mwalimu Britta, la mwalimu wa kusoma tulifute. Watoto wa nyota wamtakie nini?"

Nikamkumbuka mwanafunzi wangu Teagan, miaka kumi na minne, bado anafuata maneno kwa kidole. Nikasimama.

"Si zawadi, Bwana Duane. Tuko wachache mno, basi namba imefichwa."

"Imefichwa? Ni ngapi?"

"Sheria hainiruhusu kuitaja. Ingekuwa nzuri, mngeshaiona usoni kwangu."

Duane akalikunja gazeti taratibu.

"Colleen, wewe je? Ungetusaidia hata siku mbili kwa wiki?"

"Wakuu wangu wakikubali, nitakuja."

Mikono yote ya bodi ikanyooka. Nilikuwa nimepata nilichoomba. Akilini nikamwona Teagan akimaliza ukurasa mzima, kisha akimkimbilia Colleen, si mimi, kumwonyesha.

"Asante," nikamwambia Colleen. "Utatumia meza yangu. Iko karibu na dirisha."