Baba wa Kitabu cha Tano

Severine Aminiel, mwalimu wa shule ya msingi huko Nangara, alikuwa na vitabu vinne na hakuwa na mke. Vitabu vya kuandika mwenyewe, siyo vya kununua. Pale Singe alipokuwa akiishi, majirani hawakuwahi kuafikiana kipi kilikuwa kioja zaidi: mwanamume mzima kukosa mke, au mwanamume huyohuyo kushinda barazani akiandika habari za kiboko anayevaa miwani. Waseme watakavyo, watoto walivisoma. Nakala moja ilizunguka darasa zima mpaka jalada likang'oka, ikapigwa gundi, ikazunguka tena.

Vilikuwa vitabu vya mfululizo, habari za Pili na kaka yake pacha, Tluway, watoto wawili waliojua njia ya kwenda chini ya ziwa, wanakomtafuta baba yao. Katika kitabu cha kwanza wana miaka saba. Kiboko, Mzee Domo, anawatembeza sokoni, wanakula maandazi yaliyokaangwa na mamba, na mtu mbaya kuliko wote ni konokono anayeiba viatu, naye anasamehewa kabla hadithi haijaisha. Cha pili kina uongo na ugomvi kidogo. Cha tatu, maji yanapungua na wenyeji wa chini wanapigana. Ukifika cha nne, loo! Mzee Domo amepofuka, na rafiki kipenzi wa Tluway amewauza kwa maadui zao.

Salimu, jirani mwenye duka la vitenge mjini, hakupendezwa. Binti yake Anifa alikuwa msomaji wa tangu mwanzo.

"Mwalimu," alisema siku moja, akimsimamisha Severine mbele ya duka, "kile cha kwanza mwanangu alicheka mpaka akapaliwa. Hiki cha nne amekataa kuzima taa. Na umeme nanunua mimi."

"Baba Anifa, cha kwanza alikisoma akiwa darasa la pili. Sasa yuko la sita. Utamvisha viatu vya darasa la pili?"

"Viatu havimtii mtu ndoto mbaya."

"Anakua. Na hao wa kwenye kitabu wanakua naye. Mtoto anajua dunia ina mabaya, ukimficha atakuona wewe ndiye hujui."

Alisema hivyo kwa sauti ya mwalimu, kidole juu. Salimu akamtazama, akacheka.

"Haya, nimekuelewa. Ila niambie kitu kimoja. Kila mtu huko ziwani kwako anaumia. Kiboko wa watu umempofua. Mbona baba wa hao watoto peke yake ndiye hapati hata mafua?"

Severine akajifanya amekumbuka kikao, akaondoka zake. Salimu hakuuliza kwa ujinga. Alikuwa anajua fika.

Ukweli wenyewe ni huu. Miaka sita nyuma, Salvatory, kaka yake Severine, alikwenda Mererani kutafuta riziki kwenye machimbo. Lori alilopanda kurudi nyumbani likapinduka, akafa palepale. Aliacha mke, Fabiola, na mtoto mmoja, Jenifa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Siku ya mazishi huko Dareda, wazee wa ukoo waliona mtoto mdogo asipelekwe, ataona mambo. Wakamwacha kwa kina Anifa. Alipouliza, shangazi mmoja akamwambia baba bado yuko Mererani, kazi haijaisha.

Uongo wa siku moja, jamani, nani hajawahi kuusema? Tatizo uliota mizizi. Fabiola alisema ataambiwa, lakini akue kwanza. Alipokua kidogo, ikawa apate komunio kwanza. Alipopata komunio, ikawa amalize mtihani wa darasa la saba kwanza. Na Severine, aliyekuwa akiishi nyumba ya uani kwa Fabiola, ndiye aliyeulizwa kila jioni: baba mdogo, baba anakuja lini? Alipoishiwa majibu akabuni hadithi. Palikuwa na watoto wawili, baba yao amesafiri kwenda Nchi ya Kina, chini kabisa ya ziwa, na watoto wakaenda kumtafuta. Hivyo ndivyo kitabu cha kwanza kilivyozaliwa. Msomaji wa kwanza wa kila kitabu, kabla ya mchapishaji, alikuwa Jenifa.

Basi mwaka huu mchapishaji wa Arusha, Nestory, akapiga simu. Kitabu cha tano kiwe cha mwisho, alisema, na habari ya huyo baba ijulikane moja, arudi au asirudi.

Severine alimweleza shemeji yake siku hiyohiyo. Fabiola alikuwa akichambua maharage, akaacha.

"Arudi," alisema.

"Shemeji, akirudi kwenye kitabu, Jenifa atangoja."

"Usipomrudisha atauliza kwa nini. Mtihani ni mwezi ujao, Severine! Mtoto akivunjika moyo sasa hivi, nani atamwokota? Wewe?"

"Nafikiri amekua vya kutosha kuambiwa."

"Wewe unafikiri kwa kalamu. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Niahidi."

Akaahidi. Hakuwa mtu wa kubishana na mjane wa kaka yake, na tuseme kweli, aliogopa hata kuliko Fabiola. Mtoto yule alikuwa akimwamini kuliko mtu yeyote. Siku atakapojua kwamba vitabu vyote vinne vilijengwa juu ya uongo, angemtazama kwa macho gani? Akakaa akaandika. Baba wa kina Pili akarudi kutoka Nchi ya Kina na gunia la samaki begani, amenenepa, anacheka. Akachapisha kwenye duka la stendi, akampa Jenifa karatasi zikiwa bado na joto la mashine.

Kitabu cha nne Jenifa alikisoma kwa siku moja, akisahau hata kula. Safari hii karatasi zilikaa wiki nzima kabatini. Jumamosi mchana, Severine akiwa barazani akipukuchua mahindi, msichana akaja nazo, akaziweka juu ya kigoda, akavuta ndoo akaanza kupukuchua naye.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Enhe?"

"Maandishi mazuri."

Mwandishi yeyote akiambiwa maandishi mazuri anajua amekwisha. Severine akangoja. Punje zilikuwa zikidondoka ndooni, na kuku wa jirani alikuwa amesogea kuona kama kuna cha kwake.

"Baba mdogo, baba yao alikuwa wapi muda wote huo?"

"Kazini. Si nimeeleza?"

"Miaka sita? Pili amepita vitani, Mzee Domo amepofuka, halafu yeye anatokea na samaki anasema hamjambo wanangu. Na wao hata hawamuulizi. Wanaruka ruka tu." Jenifa alitupa gunzi. "Kila mtu kwenye hivi vitabu amekua, ila wakifika kwa baba yao wanarudi kuwa na miaka saba. Pili ana miaka kumi na mbili. Siyo mjinga."

Severine alikuwa akisugua gunzi lililokwisha punje zamani. Akajua kabisa kwamba hawazungumzi tena habari za Pili.

"Anajua nini?" akauliza.

"Anajua amekufa."

Kuku akapata punje moja akakimbia nayo.

"Nani amekwambia?"

"Padri."

"Padri gani tena?"

"Hakuniambia mimi. Nilikuwa darasa la nne, mwezi wa Novemba. Mama alipeleka jina kwenye bahasha ya marehemu wa kuombewa, kama watu wote wanavyopeleka. Alidhani siku hiyo sisi watoto wa Utoto Mtakatifu tuna misa yetu peke yetu. Walituunganisha na wakubwa, tukakaa benchi la mbele. Padri akasoma majina, akasema Salvatory Aminiel, wa Singe." Akachukua hindi jingine. "Na kina Salvatory Aminiel wa Singe wako wangapi?"

Severine mwenyewe ndiye aliyechangia sadaka ya bahasha ile, na alikuwa ameketi kanisani siku hiyohiyo, nyuma, karibu na mlango.

"Miaka mitatu, Jenifa! Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnajitahidi sana. Kila mwaka mnavaa vizuri mnakwenda Dareda, mnasema mnaenda kumsalimia bibi, na mimi naachwa kwa kina Anifa. Nikimuuliza mama habari za baba anaingia jikoni, akitoka macho mekundu, anasema moshi." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Na tulishanunua jiko la gesi."

Severine akataka kucheka, ikamtoka sauti nyingine. Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, vumbi la mahindi likamwingia machoni, ikawa afadhali.

"Utatusamehe?"

"Sijakasirikia uongo. Nilikuwa mdogo, sawa." Msichana akaokota punje zilizoanguka nje ya ndoo. "Nimekasirika kwa sababu sikuwepo. Watu wote walitupa udongo kaburini. Wewe, mama, bibi. Baba Anifa, hata siyo ndugu, alitupa. Anifa aliniambia. Mimi mtoto wake nilikuwa kwao nakula biskuti."

Akazichukua zile karatasi, akatoa sura ya mwisho, ile ya gunia la samaki, akamrudishia mikononi.

"Hii toa. Andika mazishi. Yaandike yote, na Pili awepo."

"Nilimwahidi mama yako kwamba..."

"Severine!"

Fabiola alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Amesimama pale tangu lini, hawakujua. Alimtazama shemeji yake kwa hasira ya kweli kweli.

"Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Hajaniambia yeye, mama," Jenifa alisema. "Umeniambia wewe. Kwa bahasha."

Fabiola akautazama ungo kama amepewa na mtu mwingine, akauegemeza ukutani, akakaa kwenye ngazi ya baraza, mbali kidogo nao, amewapa mgongo. Severine alidhani ataondoka. Hakuondoka.

"Ili niandike," Severine alisema polepole, "inabidi uniulize. Mimi sijui Pili anataka kuona nini."

Jenifa akafikiri.

"Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha. Ndogo, wakati wa kushusha jeneza. Wazee wakasema ni baraka."

"Nani alibeba msalaba?"

"Mimi. Uliandikwa jina vibaya, ikabidi fundi arudie asubuhi ile, rangi ikanichafua mikono."

"Bibi alilia?"

"Bibi hakulia. Aliimba. Alilia baada ya wiki, siku tuliyokula viazi, alivyokuwa akivipenda baba yako."

"Watu walikuwa wengi?"

"Hata pa kukanyaga hapakuwepo. Shamba la mahindi la babu lilikanyagwa lote, na babu hakusema neno."

Jenifa aliyapokea yote haya moja moja, akitikisa kichwa. Kisha akauliza lile ambalo bila shaka ndilo aliloanza nalo moyoni.

"Alivaa nini?"

Severine alikuwa amelibeba jeneza lile, ameshika msalaba, amesoma wasifu wa marehemu mbele ya ukoo mzima. Ila walipofungua watu waage, aliinamisha macho.

"Sijui," alisema. "Sikuweza kutazama."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anapasua kuni.

"Shati la buluu," Fabiola alisema, bila kugeuka.

Jenifa aliacha kupukuchua.

"Lipi? Lile nililomwagia chai?"

"Lilelile. Siku anaondoka uliruka kumkumbatia na kikombe mkononi."

"Akakasirika. Alivua akaondoka na jingine. Mama, aliondoka amenikasirikia."

"Nani kasema? Miaka yote hii ulikuwa unafikiri hivyo?" Sasa Fabiola aligeuka, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kusingizia moshi wowote. "Alicheka mpaka stendi! Alisema nisilifue, akirudi atakuonyesha ulivyompaka. Nikaliacha. Siku ya mazishi shangazi zako walileta shati jipya, jeupe, wakasema marehemu hazikwi na doa. Nikawaambia mume ni wangu, na doa ni la mwanawe, atakwenda nalo."

Jenifa akainuka, akaenda akakaa kwenye ngazi ubavuni mwa mama yake, akamlalia begani kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Severine akaichukua ile sura ya samaki, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya ndoo.

"Baba mdogo," Jenifa alisema mwishowe, sauti yake ikitokea begani kwa mama yake. "Pili akitupa udongo, autupe polepole. Udongo usije ukaangukia lile doa."