Kizimba Kilichotanuka

Wahiba alichemsha mayai, akapasua mikate, akaijaza maharage na kachumbari, akafunga kila kitu kwa gazeti kisipoe njiani kwenye tramu. Mumewe alikuwa na tabia ya kula vizuri siku za kesi na kugusagusa tu chakula siku nyingine. Hayo Wahiba aliyasikia kwa askari wa mahabusu, waliomweleza wakicheka huku wakijitengea yai. Aliwaachia. Mke wa mtu aliyefungiwa hujifunza upesi kuongeza mayai.

Mumewe aliitwa Khalaf, bawabu wa jumba moja la ghorofa pale Moharram Bek, Iskandaria. Alilinda mlango, aliosha magari, alipandisha mizigo na kushusha takataka. Usiku alilala na mkewe katika chumba cha chini ya ngazi, kilichopakana ukuta na lifti, na ndiyo sababu wao wawili walikuwa wa kwanza kusikia kamba ya lifti ikilia. Khalaf akamwambia mwenye jumba, Haji Bayumi. Haji akamleta mhandisi Adham, naye akanywa chai mlangoni, akaitazama lifti bila kuipanda, akatia saini kwamba ni nzima. Wapangaji wakakaa kikao. Walikubaliana kwa kauli moja kwamba kamba ibadilishwe, ila baada ya kuweka marumaru ukumbini, kwa sababu binti wa ghorofa ya nne alikuwa anaposwa na wageni wangepitia hapo. Kwa muda huo Haji alimkabidhi Khalaf mnyororo na kufuli, aifunge lifti.

Marumaru yakawekwa, posa ikapita, mnyororo ukabaki. Siku moja Abla Insaf wa ghorofa ya sita, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, akarudi kutoka sokoni akaomba afunguliwe mara moja tu. Khalaf akakataa. Akaomba tena, ameketi kwenye ngazi ya kwanza, anahema. Khalaf akafungua kufuli. Kamba ikakatika karibu na ghorofa ya tano.

Shtaka lilikuwa kuua kwa uzembe, na mshtakiwa alikuwa mmoja. Wahiba hakusoma sheria lakini alielewa hesabu yake mwenyewe: Khalaf akifungwa, yeye atakuwa hana mume wala chumba, maana chumba kile ni cha bawabu na si cha mke wa bawabu.

Kizimba cha chuma kilikuwa kushoto kwa jaji, kimepakwa rangi nyeusi juu ya rangi nyeusi. Siku ya kwanza kilimbeba Khalaf peke yake. Mwendesha mashtaka alipokuwa anasoma ripoti ya mhandisi Adham, upande mmoja wa kizimba ukasogea mbele, taratibu, ukampita mhandisi mwenyewe aliyekuwa benchi la mbele akisubiri kuitwa, ukatulia. Mhandisi akawa ndani.

"Hamia nyuma kidogo, bwana mhandisi," akasema Ami Shehata, tarishi mzee wa mahakama. "Chuma kinanyoosha miguu."

Mhandisi akahamia benchi la pili. Nondo zikamfuata. Akahamia la tatu, zikamfuata tena, na kwa kuwa sasa kelele za viatu vyake zilikuwa zinamsumbua karani, jaji akamwambia abaki hapo alipo. Kesi ikaendelea.

Jioni Wahiba aliwasimulia wapangaji. Hakuna aliyebisha. Walichotaka kujua ni benchi lipi liko mbali zaidi, na mama wa ile posa akauliza kama chuma chenyewe kina kutu, kwa sababu alikusudia kuvaa koti lake jeupe.

Kilikuwa na kutu. Siku ya pili waliitwa wapangaji wote kutoa ushahidi kuhusu kikao chao, wakajipanga karibu na mlango wa kutokea, na kila mmoja alipomaliza kusema kwamba yeye binafsi alitaka kamba ibadilishwe kwanza, nondo zilisogea hatua moja. Ilipofika saa ya chai wote walikuwa ndani. Haji Bayumi alikuwa ndani tangu asubuhi. Yeye ana sukari, hutoka kwenda haja mara kwa mara, kwa hiyo aliomba ruhusa kwa maandishi, akaleta mhunzi wake, akakatiwa mlango mdogo upande wake wa kizimba. Mahakama haikuona ubaya. Wenzake nao wakawa wanapita mlango wa Haji kwenda kuvuta sigara na kurudi. Khalaf aliposimama kujinyoosha, askari alimwonyesha kwa kidole arudi kukaa.

Wahiba alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Maisha yake yote alikuwa ameona mzigo ukipandishwa ngazi. Alijua kwamba wakishika watu wanne, hata kabati hupanda. Aliwatazama wale wote waliomo na Khalaf, akaona kila mmoja akichukua pembe yake, na usiku ule alilala.

Siku ya tatu alikuja Sameh, mwana wa marehemu, kutoka Kuwait. Ndiye mlalamikaji. Alikaa mbele amevaa miwani ya jua, mtanashati, na alieleza jinsi alivyompenda mama yake. Wakili wa Khalaf, Ustadh Wagdi, alimuuliza kama ni kweli kwamba kwa miaka mingi alimwahidi mama nyumba ya chini isiyo na ngazi. Sameh alisema ni kweli. Nondo zikapita nyuma yake. Alivuta miguu zisimguse, akavua miwani, akamgeukia Khalaf; sasa hapakuwa na chuma kati yao.

"Alisema nini, mwishoni?"

"Aliniambia nisiwe na wasiwasi," Khalaf akasema. "Aliniambia yeye mwepesi."

Sameh akavaa miwani yake tena. Jaji akaahirisha.

Siku ya nne ndipo walipobishana wakubwa. Ustadh Wagdi alisema kwamba kizimba kimeshatoa ushahidi wake, na kwamba hakuna haja ya kutafuta mwenye kosa wakati chuma kimewaonyesha wote. Mwendesha mashtaka, kijana mpole mwenye mafua, hakukataa kwamba kizimba kimetanuka. Mwenyewe alikuwa amekigusa asubuhi. Alisema sheria haiulizi nani angeweza kuzuia, kwa sababu hao siku zote ni nusu ya mji. Sheria huuliza ni mkono wa nani uliofanya tendo lenyewe, na kama mwenye mkono alijua anachofanya. Mkono uliofungua kufuli unajulikana. Na mwenye mkono alijua, maana alikataa mara ya kwanza.

"Na aliyejua kamba ni mbovu, akampa maskini mnyororo badala ya kamba mpya," akasema Wagdi, "mkono wake ulikuwa wapi?"

"Mfukoni," akasema Ami Shehata pale mlangoni, akaambiwa akaoshe glasi.

Jaji akamuuliza Khalaf kama ana la kusema. Khalaf alisimama. Wahiba alimjua mumewe kwamba si mtu wa maneno, na aliogopa atasema kidogo kuliko inavyotakiwa, au zaidi.

"Mnyororo niliufungua mimi," Khalaf akasema. "Hilo sikatai, Mheshimiwa, na usiku silali kwa sababu yake. Nipeni langu. Ya wenzangu siwezi kuyabeba."

Akiwa bado amesimama, Wahiba alihisi ubaridi mgongoni, kama mtu amefungua dirisha. Hakugeuka. Alijua ni nini, na alijua kwa nini. Mchana ule Khalaf alipokuwa anakataa, yeye ndiye aliyetoa kichwa chumbani, mikono imejaa sabuni, akasema, "Mfungulie mama wa watu, mpaka lini utambeba kama gunia?" Hakuna aliyewahi kumuuliza habari hiyo, na Khalaf hakuitaja polisi wala mahakamani. Sasa nondo zilikuwa zimempita. Aliinuka, akapita mbele ya mhandisi na mbele ya mama wa posa, akaketi kando ya mumewe, akampa mkate mkononi. Tangu Khalaf akamatwe walikuwa hawajakaa pamoja bila chuma kati yao. Aliona raha, kisha akaona aibu ya ile raha, kisha ikabaki raha peke yake.

Kizimba hakikusimama hapo. Kilimzunguka Ustadh Wagdi, kwa sababu ambayo wakili huyo hakumweleza mtu. Kikapanda jukwaani, na nondo moja ikachomoza katikati ya meza, kati ya jaji na glasi yake ya maji. Jaji aliitazama. Miaka iliyopita Abla Insaf alileta mahakamani humo humo lalamiko kuhusu ile lifti, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa arudi tena, hadi magoti yakamshinda. Saini za kuahirisha zilikuwa za jaji huyu. Alinyoosha mkono, akaizungusha glasi upande wa pili wa nondo, akanywa.

"Ustadh Wagdi," akasema, bila hasira, "ukiniambia kila aliyemo humu ana kosa, nani atasoma hukumu?"

Wagdi alikaa chini. Alikuwa wakili mzuri, na lile swali lilikuwa zuri.

"Lazima tusimame mahali," jaji akasema. "Sheria isiyojua pa kusimama haimfungi mtu yeyote." Ilionekana kwamba maneno hayo aliyafikiri kweli, pengine kwa usiku kadhaa. Akasema kwamba nafasi anayokaa mtu kuhusiana na kizimba si ushahidi, kwamba sheria inasimama kwa yule aliyefungua kufuli, na kwamba kifungo ni miaka mitatu.

Wahiba alingoja aigawe miaka hiyo. Alidhani akishaitaja atasoma majina ya wote waliomo. Jaji akafunga jalada. Watu wakainuka, wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa Haji, wakishikiana mlango kwa adabu, na Khalaf akatolewa kwa mlango mwingine amefungwa pingu. Mkate wake alikuwa amekula nusu.

Kizimba hakikurudi kilipokuwa. Kiliendelea kutanuka kwa wiki chache, kikavuka reli ya tramu, na wauza samaki wakawa wanaegemeza miavuli yao kwenye nondo. Moja ilichomoza katika ukumbi wa jumba la Moharram Bek, ikapasua marumaru. Wapangaji walikaa kikao kuhusu marumaru.

Haji Bayumi alikuja mwenyewe kuzungumza na Wahiba. Alikuwa na huruma; alimwita binti yangu. Alisema hatamfukuza mke wa Khalaf, chumba ni chake, na kazi ya mlango ni yake. Lifti mafundi wameshaipandisha na kuiunga ile ile kamba ilipokatikia. Wahiba aliuliza kwa nini isinunuliwe mpya.

"Mahakama imeshasema, binti yangu. Mwenye kosa kapatikana. Kamba ina kosa gani?" Akatoa kufuli mpya, inayong'aa, na mnyororo ule ule. "Wewe funga tu, usimfungulie mtu."

Wahiba alifunga. Ufunguo akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni chini ya nguo. Siku hiyo hiyo mama wa posa alirudi na mifuko ya matikiti maji, akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akaguna, akautazama mnyororo, akamtazama Wahiba. Wahiba alibeba matikiti mpaka ghorofa ya nne. Kesho yake alibeba mizigo ya mwingine.

Siku ya kumtembelea Khalaf alichemsha mayai, akaongeza ya askari. Khalaf alikuwa benchi la upande wa pili wa wavu, amekonda kidogo, amenyolewa. Aliuliza habari za wapangaji mmoja mmoja, na kama yule binti ameshaolewa. Kisha akauliza kama lifti wameitengeneza.

"Wamenunua kufuli mpya."

"Ufunguo anao nani?"

Wahiba akavuta uzi shingoni, akamwonyesha.

Khalaf akautazama ule ufunguo. Kisha akasogea pembeni, taratibu, kwenye benchi lake, akaacha nafasi ya mtu mmoja.